Mazungumzo ya siri ya Mells Park: filamu ya Endgame inasema kweli kiasi gani?

Msomaji mmoja anayefundisha historia katika shule ya sekondari ameitazama Endgame, filamu ya Uingereza ya mwaka 2009 iliyoongozwa na Pete Travis, inayosimulia jinsi viongozi wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, walivyokutana kwa siri na wasomi wa Kikaburu nchini Uingereza katika miaka ya mwisho ya utawala wa ubaguzi wa rangi, wakati serikali ya Pretoria ikiwaita magaidi na kuwawinda hata nje ya mipaka yake. Anataka kuwaonyesha wanafunzi wake, lakini jambo moja linamsumbua. Mtu akimaliza kuitazama, anasema, huondoka akiamini kwamba ubaguzi wa rangi ulimalizwa sebuleni, katika jumba la kifahari la kampuni ya madini, kwa juhudi za Mwingereza mmoja. Anauliza kama hayo ni kweli, na kama ni kweli, yalikuwa na uzito gani.

Ndugu mwalimu, mazungumzo hayo yalifanyika, na watu wakuu unaowaona katika filamu walikuwepo kweli. Hata lile jambo linaloonekana kama limebuniwa na mwandishi ili kunogesha hadithi, yaani profesa anayezungumza na adui huku akipeleka taarifa kwa mkuu wa ujasusi, lilitokea. Tatizo la filamu ni kipimo. Imechukua njia moja kati ya njia kadhaa zilizokuwa zikipitiwa kwa wakati mmoja, ikaifanya iwe barabara kuu. Nitajaribu kukuonyesha njia hiyo ilianzia wapi, ilifika wapi, na ni nani walikuwa wakipita kwingine bila wenzao kujua.

Tuanze na huyo Mwingereza. Michael Young, anayeigizwa na Jonny Lee Miller, alikuwa mkuu wa mahusiano ya kampuni ya Consolidated Gold Fields ya London, na kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi ya ushauri kwa viongozi wa chama cha Conservative. Kampuni yake haikuwa mgeni Afrika Kusini. Mizizi yake ni kampuni iliyoanzishwa mwaka 1887 na Cecil Rhodes na mshirika wake Charles Rudd, kwa hiyo wakati mazungumzo yanaanza ilikuwa imekwisha kuvuna dhahabu ya nchi hiyo kwa miaka 100. Young alikutana London na Oliver Tambo, rais wa ANC aliyekuwa uhamishoni, akamuuliza kampuni ya Kiingereza inaweza kusaidia nini. Tambo alimwomba daraja: aisaidie ANC kuzungumza na Makaburu wenye sauti, watu wanaosikilizwa na serikali. Mwenyekiti wa kampuni, Rudolf Agnew, alikubali kulipia gharama kwa sharti la usiri. Filamu inayasimulia haya bila kupotosha.

Ninachokuomba uwaeleze wanafunzi ni kwamba ombi lilitoka kwa Tambo. Filamu haifichi jambo hilo, lakini kwa kuwa kamera inamfuata Young mlango kwa mlango, mtazamaji hulisahau mapema. ANC haikuokotwa na kuletwa mezani na mfanyabiashara mwenye huruma. Chama hicho kilikuwa kimeongoza mapambano kutoka Lusaka kwa miaka mingi, kikiwa na kambi Angola na shule yake Mazimbu, Morogoro, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 Tambo alikuwa amekwisha kuamua kwamba mapambano ya silaha, vikwazo vya kiuchumi, uasi wa mitaani na diplomasia viende pamoja. Septemba 1985 alikuwa amekutana Zambia, chini ya mwavuli wa Rais Kenneth Kaunda, na ujumbe wa wafanyabiashara wakubwa wa Afrika Kusini ulioongozwa na Gavin Relly wa kampuni ya Anglo American. Julai 1987 ujumbe wa ANC ulioongozwa na Thabo Mbeki ulikutana Dakar, Senegal, na Waafrika Kusini wapatao 60, wengi wao Makaburu, walioletwa na wabunge wa zamani Frederik van Zyl Slabbert na Alex Boraine. Mkutano wa Dakar ulitangazwa, na Rais P. W. Botha akaulaani hadharani. Mells Park ilikuja baada ya yote hayo, ikiwa na tofauti moja kubwa: safari hii watu waliokaa upande wa pili walikuwa karibu na dola.

Mikutano ilianza mwishoni mwa mwaka 1987. Ile ya mwanzo ilifanyika hotelini, na baadaye ndipo ilipohamia Mells Park, jumba la kampuni lililoko Somerset, kusini-magharibi mwa Uingereza. Filamu inapendelea jumba, kwa sababu zinazoeleweka. Upande wa Makaburu uliongozwa na Willie Esterhuyse, profesa wa falsafa wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, chuo kilichowalea mawaziri wakuu wa utawala huo mmoja baada ya mwingine. Pamoja naye alikuwepo mwanauchumi Sampie Terreblanche wa chuo hichohicho. Baadaye alijiunga Willem de Klerk, mwandishi wa habari na msomi, ambaye mdogo wake, F. W. de Klerk, alikuwa waziri na muda si mrefu angekuwa rais. Kwa upande wa ANC alikuwepo Aziz Pahad, kisha Mbeki mwenyewe, na baadaye Jacob Zuma. Mwezi uleule ambao mazungumzo yalikuwa yanaanza, tarehe 5 Novemba 1987, Govan Mbeki, baba yake Thabo, alifunguliwa kutoka gerezani baada ya zaidi ya miaka 20. Serikali ilimwachia ili ipime joto la nchi kabla ya kufikiria kumwachia Nelson Mandela.

Sasa, je, hayo yalikuwa majadiliano ya amani? Hapa ndipo ninapotofautiana na namna filamu hii inavyotangazwa. Majadiliano ya amani yanahitaji pande mbili zenye mamlaka ya kutoa na kupokea. Esterhuyse na wenzake hawakutumwa na baraza la mawaziri, hawakuwa na uwezo wa kuahidi hata kufunguliwa kwa mfungwa mmoja, na serikali ingeweza wakati wowote kuwakana na kusema ni maprofesa waliojiendea zao. Walichokuwa wakifanya ni kazi nyingine, isiyo na jina kubwa na ambayo majadiliano yenyewe hayawezi kuanza bila hiyo: kuulizana maswali ambayo haingewezekana kuulizana hadharani. ANC itaacha lini kutumia silaha, na kwa masharti gani? Mandela akitoka leo, nchi itawaka moto au itatulia? Makaburu wakikubali utawala wa walio wengi, lugha yao, mashamba yao na usalama wa watoto wao vitalindwa na nini? ANC nayo ilitaka kujua ni nani hasa anayeamua Pretoria, ni akina nani katika chama tawala wamechoka, na kama wanajeshi wangekubali mabadiliko. Hakuna mkataba uliotiwa saini Mells Park. Watu walirudi makwao wakiwa na majibu, na majibu hayo yakaingia masikioni mwa wakubwa.

Namna yalivyoingia ndiyo sehemu bora ya filamu, na ningekushauri uisimamishe hapo mkiwa darasani. Mkuu wa Idara ya Ujasusi ya Taifa ya Afrika Kusini alikuwa Niel Barnard, anayeigizwa na Mark Strong, msomi wa siasa aliyeteuliwa na Botha akiwa kijana wa miaka kama 30 hivi. Barnard alipata habari za safari ya Esterhuyse. Angeweza kumnyang'anya hati ya kusafiria, au kuivujisha habari kwenye magazeti na kumwaibisha mbele ya watu wake. Badala yake alimtaka aendelee kwenda, kisha amweleze yaliyosemwa. William Hurt anamwigiza profesa huyu kama mtu anayebeba mzigo usoni: akikataa, mlango unafungwa, akikubali, anakuwa mpelelezi dhidi ya watu aliokwenda kuwaomba wamwamini.

Alichofanya Esterhuyse, kama alivyokuja kueleza mwenyewe baadaye, ni kumwambia Mbeki. Alimweleza kwamba anatoa taarifa kwa Barnard. Mtu asiyejua siasa za uhamishoni angetarajia Mbeki asimame na kuondoka, lakini hakuondoka, na sababu yake inafaa kuelezwa pole pole kwa wanafunzi. Tangu mwanzo Tambo alitaka daraja linalofika kwenye dola. Msomi asiyesikilizwa na mtu angekuwa na thamani ndogo kwa ANC, lakini msomi ambaye maneno yake yanafika mezani kwa mkuu wa ujasusi ndiye hasa aliyekuwa akitafutwa. Kuanzia siku hiyo Mbeki alijua kwamba kila sentensi anayoitamka Uingereza inasomwa Pretoria, naye akaanza kuzipanga sentensi zake akijua hivyo. Esterhuyse naye alikuwa ameonyesha kwamba hatamdanganya. Uaminifu kati ya maadui mara nyingi huanza hivyo, kwa mmoja kukiri jambo linaloweza kumdhuru, na filamu imeliona hilo vizuri kuliko vitabu vingi vya kiada.

Ili uzito wa ungamo hilo ueleweke, wanafunzi wanahitaji kujua ni nini kilichokuwa kikiendelea nje ya vile vyumba vyenye moto wa kuni. Machi 1988 Dulcie September, mwakilishi wa ANC nchini Ufaransa, alipigwa risasi na kuuawa kwenye mlango wa ofisi yake mjini Paris. Siku chache baadaye, tarehe 7 Aprili, bomu lililotegwa kwenye gari mjini Maputo lilimkata Albie Sachs, mwanasheria wa ANC aliyekuwa uhamishoni, mkono wa kulia na kumpofusha jicho moja. Ndani ya Afrika Kusini hali ya hatari ilikuwa imetangazwa nchi nzima tangu Juni 1986, na maelfu walikuwa kizuizini bila kushtakiwa. Kila alipopanda ndege kwenda kuonana na Esterhuyse, Mbeki alikuwa anakutana na mtu mwenye simu ya ofisi kuu ya ujasusi ya serikali iliyokuwa ikiwaua wenzake. Kwa upande wa profesa, kugundulika kungemaanisha kuitwa msaliti wa taifa lake, kanisani, chuoni na hata nyumbani kwake. Usiri uliotunzwa pale ulikuwa wa kulinda uhai na heshima ya watu. Mazungumzo ya wazi wakati ule yangeuawa na wenye msimamo mkali wa pande zote mbili kabla ya kikao cha pili.

Njia ambayo filamu inaigusa bila kuipa nafasi inayostahili ni ile ya gerezani. Novemba 1985 Mandela alipelekwa hospitali mjini Cape Town kwa upasuaji wa tezi dume, na Waziri wa Sheria, Kobie Coetsee, akaenda kumtembelea. Aliporudishwa gereza la Pollsmoor aliwekwa peke yake, mbali na akina Walter Sisulu na Ahmed Kathrada aliokuwa akiishi nao. Wenzake walitaka kulalamika, lakini yeye aliuona upweke huo kuwa nafasi ya kuanza kuzungumza na serikali bila kumshirikisha mtu, ili akishindwa lawama iwe yake peke yake. Kuanzia Mei 1988 kamati ya maofisa, Barnard akiwa miongoni mwao, ilikutana naye zaidi ya mara 40, kwanza Pollsmoor na kisha katika nyumba aliyowekwa ndani ya gereza la Victor Verster, karibu na Paarl.

Tazama jinsi picha inavyobadilika ukiziweka njia hizi mbili pamoja. Barnard alikuwa akizungumza na Mandela ana kwa ana, na wakati uleule akisoma taarifa za Esterhuyse kuhusu Mbeki. Alikuwa na uwezo wa kulinganisha kauli ya mfungwa na kauli ya mkimbizi na kutafuta nyufa kati yao. Kuwatenganisha wawili hao lilikuwa tumaini la baadhi ya watu serikalini. Tambo, akiwa Lusaka, aliposikia fununu za mazungumzo ya gerezani aliingiwa na wasiwasi, akamtumia Mandela ujumbe mfupi kupitia wakili kumuuliza anazungumza nini na watu hao. Mandela alijibu kwa ufupi kwamba anazungumza nao jambo moja tu: kukutana kwa Halmashauri Kuu ya ANC na serikali. Nyufa hazikupatikana. Hilo, kwa maoni yangu, ndilo jambo kubwa kuliko yote katika historia hii: watu waliotenganishwa na kuta, bahari na miaka zaidi ya 20 waliulizwa maswali yaleyale na adui yuleyule, wakajibu sawasawa.

Clarke Peters anamwigiza Mandela kwa utulivu unaopendeza. Kama ningeruhusiwa kuongeza kisa kimoja tu kwenye simulizi hii, ningechukua asubuhi ya tarehe 5 Julai 1989, Mandela alipopelekwa kwa siri Tuynhuys, ofisi ya rais mjini Cape Town, kuonana na Botha. Mandela anasimulia katika kumbukumbu zake kwamba ofisa wa gereza alimfunga tai, na walipokuwa wakisubiri nje ya ofisi ya Botha, Barnard aliona kamba za viatu vya mfungwa wake zimefungwa vibaya, akapiga magoti akazifunga. Mkuu wa ujasusi wa utawala wa Kikaburu alikuwa chini, sakafuni, akimfunga viatu mtu ambaye serikali yake ilimwita adui namba moja wa taifa. Kisha mlango ukafunguliwa, Botha akaja kumlaki akitabasamu na kumpa mkono, na baadaye akammiminia chai mwenyewe. Mandela alimwomba awaachie wafungwa wote wa kisiasa bila masharti. Botha alikataa.

Botha hakudumu baada ya hapo. Alikuwa ameugua kiharusi Januari mwaka huo, F. W. de Klerk akachukua uongozi wa chama mwezi Februari, na tarehe 14 Agosti Botha akajiuzulu urais kwa hasira. Katika mwezi huohuo Tambo naye alipata kiharusi, na uzito wa kazi ya ANC ya nje ukazidi kumwelemea Mbeki. Hapo ndipo Mells Park ilipozaa tunda lake, nalo halikuiva Uingereza. Barnard alitaka sasa maofisa wake waonane na ANC moja kwa moja, bila maprofesa katikati. Ujumbe ulipelekwa kwa Mbeki kupitia kwa nani? Kupitia kwa Esterhuyse. Simu zilipigwa kwa majina ya bandia, na tarehe 12 Septemba 1989 Mbeki na Zuma wakafika katika hoteli moja mjini Lucerne, Uswisi, ambako Mike Louw na Maritz Spaarwater wa Idara ya Ujasusi walikuwa wakiwasubiri. Maofisa hao walijiuliza wageni wangewaaminije, maana chumba kile kingeweza kuwa mtego wa kuwaua. Waliuacha mlango wazi, ili Mbeki na Zuma waweze kuona ndani kabla ya kuingia.

Kilichofuata Pretoria ni kisa ambacho kingetosha kutengenezewa filamu yake. Maofisa walikuwa wameandaa azimio lililopitishwa na Baraza la Usalama la Taifa katikati ya Agosti, siku za mwanzo kabisa za de Klerk kukaimu urais. Azimio hilo lilisema kwa lugha ya kiofisi kwamba idara ikusanye habari zaidi kuhusu ANC, ikiwemo kwa hatua za moja kwa moja. Hakuna aliyesimama kuuliza hatua hizo ni zipi. Louw aliporudi kutoka Uswisi na kumweleza de Klerk alikotoka, rais mpya alikasirika na kuuliza ni nani aliyewapa ruhusa ya kuzungumza na ANC. Alionyeshwa azimio alilolipitisha mwenyewe. Akalisoma, hasira ikashuka, akaanza kusikiliza. Alichosikia ni kwamba ANC iko tayari kujadiliana. Tarehe 2 Februari 1990 aliondoa marufuku dhidi ya ANC, chama kingine cha ukombozi cha PAC, na Chama cha Kikomunisti, na tarehe 11 Mandela akatoka Victor Verster kwa miguu.

Kwa hiyo uzito wa Mells Park ninaupima hivi: uliwafanya watu wa ujasusi wa Pretoria wamjue Mbeki kabla ya kumwona, na ukampatia Mbeki mtu mmoja wa upande ule ambaye neno lake lilikuwa na thamani. Bila hiyo, safari ya Lucerne ingekuwa ngumu zaidi na huenda ingechelewa. Lakini si Mells Park iliyomlazimisha de Klerk afungue milango. Tangu Julai 1985, benki ya Chase Manhattan ya Marekani ilipokataa kuirefushia Afrika Kusini mikopo yake na benki nyingine zikaifuata, serikali ilishindwa kulipa madeni na sarafu ya randi ikaporomoka. Mwaka 1986 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya vikwazo kwa kuipiga kumbo kura ya turufu ya Rais Ronald Reagan. Ndani ya nchi, UDF, muungano wa vikundi vya kupinga ubaguzi wa rangi ulioundwa mwaka 1983, na shirikisho la vyama vya wafanyakazi la COSATU lililoundwa mwaka 1985 vilifanya vitongoji vya watu weusi visitawalike hata kwa hali ya hatari. Mapigano ya jeshi la Afrika Kusini na majeshi ya Angola na Kuba huko Cuito Cuanavale, Angola, yalizaa makubaliano ya Desemba 1988 yaliyofungua njia ya uhuru wa Namibia, na kuporomoka kwa tawala za kikomunisti za Ulaya ya Mashariki mwishoni mwa mwaka 1989 kulimwondolea de Klerk hofu ya kwamba ANC ingekuja na Umoja wa Kisovieti mgongoni. Wachimba dhahabu waliogoma mwaka 1987, mamia ya maelfu kwa wiki tatu, walisukuma mlango uleule ambao Esterhuyse alikuwa akiubisha. Filamu yenye saa mbili haiwezi kubeba yote hayo, na sidhani Travis na mwandishi wake, Paula Milne, wanastahili kulaumiwa kwa hilo. Mwalimu, hata hivyo, ana uwezo wa kuyabeba.

Kuna pia viti vilivyokuwa vitupu mezani. Mangosuthu Buthelezi na chama chake cha Kizulu cha Inkatha hawakuwepo, PAC haikuwepo, wala majenerali wa jeshi waliokuwa na mamlaka ya kweli juu ya vikosi. Baada ya Februari 1990 walioachwa nje walijitokeza kwa nguvu, na maelfu ya watu waliuawa katika machafuko ya kisiasa hadi uchaguzi wa tarehe 27 Aprili 1994. Majadiliano yenyewe, yaani mkutano wa vyama wa CODESA kuhusu katiba mpya na yaliyofuata, yalivunjika na kuungwa upya, na Chris Hani, kiongozi wa Chama cha Kikomunisti, akauawa tarehe 10 Aprili 1993 wakati nchi ikiwa karibu kufika. Mtazamaji anayedhani kwamba kila kitu kilikuwa kimekwisha kutatuliwa Somerset atashangaa kusoma habari za mauaji ya Boipatong ya Juni 1992.

Jambo la mwisho linahusu mazungumzo yanayosikika katika filamu yenyewe. Hotuba anazozitoa Chiwetel Ejiofor kama Mbeki, na mabishano ya mezani yanayokufanya ushike pumzi, ni maneno ya mwandishi wa filamu, aliyejengea juu ya kitabu cha Robert Harvey kuhusu kuanguka kwa utawala ule. Yanaheshimu mawazo ya wahusika, lakini mwanafunzi asiyanukuu kwenye insha kana kwamba ni kumbukumbu za kikao. Akumbuke pia ni lini filamu ilitoka. Ilirushwa kwenye televisheni ya Uingereza Mei 2009, mwezi uleule ambao Zuma aliapishwa kuwa rais, miezi michache tu baada ya chama chao kumwondoa Mbeki madarakani. Wale wawili walioingia pamoja kwenye mlango ulioachwa wazi Lucerne walikuwa wamekwisha kuwa mahasimu, na mwaka huo ulikuwa na sababu zake za kutamani Mbeki wa zamani, kijana mwenye kiko na subira.

Waonyeshe wanafunzi wako filamu hiyo, mwalimu, na usiogope kuipenda mbele yao. Kabla ya kuiwasha, waandikie ubaoni safu tatu zenye miaka kuanzia 1985 hadi 1990: moja ya Uingereza, moja ya gereza la Mandela, moja ya mitaa na migodi ya Afrika Kusini. Wakimaliza kuitazama, wape chaki wajaze wenyewe, na uwaache wabishane ni tukio gani la safu moja lilisukuma tukio gani la safu nyingine.